Maji ya Kufulia Soksi

Mumo aliziuza Gikomba kwa bunda,
soksi za kijivu, jozi tatu kwa mia,
na karatasi imeshonewa kisigino: HAZINUKI KAMWE.
Siri yake ni fedha. Si ya mfukoni,
fedha ya pete, iliyosagwa hadi ikasahau kung'aa:
chembe elfu nne zikipangwa bega kwa bega
hazijavuka unene wa unywele wangu mmoja.

Nikazifua mara kumi, maabara ya Kabete.
Maji yakabaki maangavu, hayana hatia usoni.
"Yamwage," akasema Daktari Kerubo,
"lakini kwanza tujue unammwagia nani."

Tukasimamisha neli mbili za kioo.
Moja nikaijaza udongo mwekundu wa nyuma ya bweni,
ule ung'ang'aniao viatu hadi ndani ya basi la kwenda shagazi kwenu.
Nyingine, udongo mweusi wa Embakasi,
niliouchimba Februari, mzima, kama keki ndani ya bati,
na nyufa zake nyufa kweli:
kalamu ilinitumbukia shimoni, sikuisikia ikigonga chini.

Mweusi haukuficha kitu.
Dakika kumi na moja, fedha iko kikombeni,
imepita nyufani bila kuulizwa jina.

Mwekundu ukanyamaza.
Una chuma, una kutu ya miaka isiyohesabika,
na kutu ina chaji chanya, chembe zangu hasi;
zikavutwa, zikakaa.
Siku ya kwanza, sufuri.
Siku ya pili, sufuri.
Siku ya tatu nikaandika kwa wino: Udongo huu unashika.
Mfadhili akapiga simu. Aliipenda sentensi hiyo,
akaomba ipande juu kabisa, kabla ya majedwali.

Siku zote hizo nilimimina maji ya kisima cha Bi Syombua, Kayole,
maji ya chumvichumvi, yaliyotupaka meno rangi ya chai tangu utotoni.
Ijumaa ikanyesha, mara ya kwanza tangu Desemba.
Mfereji wa paa ukavuja ndani ya ndoo yangu
maji ya hudhurungi, yamelowana na majani ya mjakaranda
yaliyoozea huko juu,
na mimi, kwa uvivu, nasema kweli, kwa uvivu tu,
nikayamimina hayo, nisiende kuchota mengine.

Maji laini. Hayana chumvi ya kuzibana chaji.
Na ule uozo wa majani ukaivika kutu koti,
ukazivika chembe koti la kitambaa kilekile,
na wawili waliokuwa wakivutana
sasa wanasukumana kama watu kwenye foleni ya gesi.
Saa sita usiku mashine ikaamka.
Mstari uliolala siku tatu ukainua mgongo,
ukachora kilima, ukateremka,
lakini haukufika chini. Ulibaki na mkia,
mkia mrefu, mwembamba, hadi karatasi ikaisha.

Kerubo alisoma amesimama, bado amevaa koti la mvua.
Hakufuta neno langu hata moja.
Baada ya "unashika" akaongeza, kwa penseli: hadi mvua.
Mfadhili hajapiga simu tena.

Leo ni Jumapili, niko Kayole.
Mumo amemletea mama jozi sita, bure,
na mama amezifua, maana mama hufua hata kipya.
Ukuta, vitalu vya sukuma, halafu hatua arobaini
(nimezihesabu, mara mbili)
hadi kisima cha Bi Syombua.
Mawingu yamejaa upande wa Ngong.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Hawakusema huenda wapi.

Nimesimama na beseni mikononi,
maji yanatikisika, maangavu.
Mama anauliza nangoja nini.